Amana ya Mgonjwa

Musinzira ni mtaa wa Gitega, mji ambao Wadachi waliujengea boma mwaka 1912, Wabelgiji wakauteka mwaka 1916, na ambao mwaka 2019 ulifanywa makao makuu ya siasa ya Burundi. Na katika zama za tawala za Wadachi na Wabelgiji siri ya mgonjwa, iliyokuwa ikikaa kifuani mwa mganga, ilihamia katika madaftari ya hospitali.

Kwao Wabelgiji, kifungu cha 458 cha kanuni ya adhabu ya mwaka 1867 kilikwisha kuharimisha ufichuzi wa siri ambayo tabibu ameaminiwa, na Tamko la Geneva la mwaka 1948 likaifanya hiyo kuwa ahadi ya matabibu wa ulimwengu. Burundi nayo, ilipoamuru mwaka 2006 kwamba watoto wasiotimia miaka 5 na wanawake wanaojifungua watibiwe bure, ililazimisha kila tiba iandikwe ili hospitali zilipwe, na maandishi yakazidi.

Daftari lilihifadhiwa kwa kabati na ufunguo, lakini kompyuta ishikayo nafasi yake yaweza kusomwa na mtu aliye mbali. Ndiyo sababu Marekani ilianza kutunga sheria yake ya kulinda habari za watu mwaka 1996, Kenya na Uganda mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Masharti yanayohitajika ni bayana: kila mtumishi awe na neno lake la siri, asione ila yaipasayo kazi yake, na kila afunguaye faili jina lake libaki katika kumbukumbu. Mama wa Musinzira amwelezaye mkunga habari za mwili wake ameweka amana, na kuikhini amana hiyo ni dhuluma.