Ghasia za Mjini na Barua Zisizojibiwa: Habari za Kakamega Tangu Zama za Dhahabu

Aghalabu ghasia zinapotokea mjini, watu waliojifungia majumbani huzieleza kwa neno jepesi: wahuni wameamka. Neno hilo lina sehemu yake ya ukweli, kwani hakuna ghasia zisizokuwa na wahuni ndani yake, wenye kungoja mlango uvunjwe ili waingie wachukue. Lakini halielezi kwa nini wahuni hao hao, ambao wamo mjini siku zote, hukaa kimya mwaka hata mwaka, kisha siku moja wakajikuta wamezungukwa na umati wa watu wenye kazi zao, nyumba zao na watoto wao. Mwenye kutaka jibu la swali hilo hana haja ya kwenda mbali. Kakamega, na nchi iliyokuwa ikitawaliwa kutoka Kakamega, imeona katika muda usiotimia miaka mia moja malalamiko yaliyopelekwa kwa kalamu, yaliyopelekwa kwa miguu, na yaliyopelekwa kwa mawe na moto; na atakayeyapanga kwa tarehe zake ataona kwamba serikali, kwa namna inavyojibu, ndiyo inayowafundisha raia lugha ya kuzungumza nayo.

Makao ya wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini yalihamishwa kutoka Mumias yakaletwa Kakamega mwaka 1920. Miaka kumi baadaye, mwaka 1930, serikali ya koloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, na ndani yake ikatoa ahadi nzito: kwamba ardhi iliyotengewa wenyeji ni mali yao milele, na kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kwa manufaa ya umma kitalipwa kwa kipande kingine kilicho sawa nacho, na baraza la wenyeji litaarifiwa kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika kwa mamia, wengi wao walowezi ambao bei za mazao duniani zilikuwa zimewafilisi, wakaweka vigingi na kuchimba mashimo katika mashamba ya watu wa Isukha, Idakho na Butsotso. Basi mwezi wa Desemba 1932 sheria ile ile ikarekebishwa kwa haraka, fidia ya ardhi kwa ardhi ikafutwa, na mwenye shamba akaambiwa kwamba atalipwa fedha. Ahadi ya milele ilikuwa imeishi miaka miwili.

Dhulma hiyo ilikuwa wazi kiasi cha kupigiwa kelele hata katika Bunge la Uingereza, na Archdeacon Owen wa misheni ya Anglikana, aliyewajua watu wa Nyanza kwa miaka mingi, aliipinga hadharani. Wenyeji wenyewe hawakuchoma kitu. Waliunda chama chao, North Kavirondo Central Association, wakaandika, wakapeleka hoja zao mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, wakasema yale wanayoyajua juu ya mipaka yao na makaburi ya wazee wao. Walifanya hivyo kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeketi, angalau kwa sura, ili awasikilize. Sheria hata hivyo haikurudishwa ilivyokuwa. Kilichowaokoa ni kwamba dhahabu yenyewe ilikuwa chache kuliko ilivyodhaniwa, wachimbaji wadogo wakatawanyika, na mgodi mkubwa wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952. Karatasi ya raia ilikuwa imeshindwa, na jambo kama hilo watu hawalisahau.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika vilileta amri juu ya amri. Watu walichukuliwa kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakaamrishwa kuchimba matuta na kung'oa magugu katika mashamba yao wenyewe, na aliyekaidi akapelekwa barazani akatozwa faini. Kaskazini ya wilaya, katika nchi ya Wabukusu, alitokea Elijah Masinde, mchezaji wa mpira aliyewahi kuvaa jezi ya Kenya, ambaye alikuwa mtumishi wa baraza la mahakama ya wenyeji huko Kimilili na kazi yake ilikuwa kupeleka hati za kuitwa shaurini. Mtu huyu alizijua hati za serikali kwa mkono wake, akazichoka, akaacha kazi, akaongoza dini iliyoitwa Dini ya Msambwa, akikataa kodi, kazi za lazima na utawala wa wageni. Alifungwa, akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na alipotoka mwaka 1947 aliwaongoza maelfu ya wafuasi mpaka Lumboka, mahali ambapo wazee wao waliuawa kwa bunduki za Waingereza mwaka 1895, wakawakumbuka wafu wao.

Tarehe 10 Februari 1948, baada ya baadhi ya wafuasi kukamatwa, umati ulikwenda kwenye kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, na watu 11 wakafa. Serikali ikaipiga marufuku dini hiyo, ikamkamata Masinde na kumpeleka uhamishoni Lamu, alikokaa hata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walioandika habari zile kwa upande wa serikali waliwaita watu wa Malakisi wenye wazimu wa dini. Lakini mwenye kuuliza watu wale walikuwa wakitaka nini ataona orodha isiyokuwa na wazimu wowote: ardhi, kodi, kazi ya lazima, na heshima ya wazee. Risasi za siku ile hazikujibu hata jambo moja katika orodha hiyo.

Mwaka mmoja kabla ya Malakisi, pwani ilikuwa imetoa somo la namna nyingine. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma mwaka 1939 kwa sababu ya mishahara na makazi, tume ikaundwa, taarifa ikaandikwa, na maisha yakaendelea kupanda bei wakati wa vita. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini, wakawa wakikutana Kiwanja cha Maskini chini ya chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, na bandari ikalala kwa muda wa siku 12. Mjumbe Eliud Mathu akaja kuwasihi, baraza la usuluhishi likaundwa, mishahara ikaongezwa. Kibachia mwenyewe alikamatwa baadaye mwaka huo huo akahamishiwa Kabarnet. Kila mfanyakazi alijifunza mambo mawili kwa pamoja, kwamba taarifa ya tume haikumpa kitu na mgomo umempa, na kwamba anayesema kwa niaba ya wenzake ndiye atakayeadhibiwa. Na mafunzo hayo mawili yakikaa katika kichwa kimoja hayazai raia mtulivu.

Unguja nayo ilipata msiba wake tarehe 1 Juni 1961, siku ya uchaguzi uliorudiwa kwa sababu ule wa Januari haukutoa mshindi, pale shutuma za udanganyifu katika vituo vya kura zilipogeuka mapigano mjini, kisha yakaenea mashamba, na watu 68 wakauawa. Tume ya Foster-Sutton ilichunguza ikaandika. Hata hivyo haikupita ila miaka miwili na miezi michache, yakaja mapinduzi ya Januari 1964.

Turudi sasa Kakamega. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, baada ya siku tatu za kungoja, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na kabla ya usiku kutanda Rais akawa amekwisha kuapishwa. Kakamega, kama sehemu kubwa ya Mkoa wa Magharibi, ilikuwa imeupigia kura kwa wingi upande wa Raila Odinga. Barabara zikafungwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, maduka yakavunjwa, na wafanyabiashara waliotoka jamii nyingine, baadhi yao waliozaliwa papa hapa, wakakimbilia vituo vya polisi wakiwa na mabunda yao kichwani. Aliyeiba gunia la unga siku ya kwanza alikuta siku ya tano hana mahali pa kununua chumvi, kwa kuwa njia ya Eldoret na Nakuru ilikuwa imefungwa; petroli ikawa adimu, na kadi za simu zikauzwa kwa bei maradufu. Mama wa sokoni, ambaye hakumtangaza mtu yeyote kuwa mshindi, aliziona nyanya zake zikioza juu ya meza.

Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, na katika hao 405 walikufa kwa risasi. Katika Mkoa wa Magharibi ilihesabu vifo 98, na wengi wa waliokufa walipigwa risasi. Tume ilishauri iundwe mahakama maalumu, lakini Februari 2009 Bunge likaukataa mswada wa kuiunda, na kesi zilizopelekwa Hague nazo zikaporomoka, ya mwisho kati ya zile kubwa ikikatizwa Aprili 2016. Kwa hiyo familia nyingi za Kakamega zinajua siku na saa aliyokufa mtoto wao, lakini hazijapata kuambiwa aliyemuua.

Juni 2024 vijana wa Nairobi na wa miji mingi, Kakamega ikiwemo, waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Kabla ya hapo, wananchi na vyama vyao walikuwa wamepeleka maoni ya maandishi mbele ya kamati ya Bunge kwa utaratibu wa sheria. Tarehe 25 mswada ukapitishwa, umati ukaingia Bungeni, watu wakauawa; tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Hoja ni zile zile zilizokuwa katika karatasi. Zilipoandikwa kwa wino hazikutosha, na zilipofuatiwa na damu zilitosha kwa siku moja. Hakuna mwalimu wa fitina awezaye kuwafundisha vijana somo baya kuliko hilo.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kazi ya jamii yenye busara ni kuziondoa kinga hizo moja moja kabla hazijakutana. Ya kwanza ni barua isiyojibiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, imempa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka kwa amani na bila silaha. Lakini haki ya kupeleka ombi haina maana maadamu wajibu wa kulijibu hautimizwi. Bunge la Kaunti ya Kakamega na kila ofisi ya wadi zingepaswa kubandika mlangoni, kwa Kiswahili kinachosomeka, kila ombi lililopokewa na jibu lake: hili tumelikubali, hili tumelikataa, na sababu ni hizi. Mtu huweza kuvumilia kukataliwa kwa sababu aliyoielewa. Asichokivumilia ni kudharauliwa.

Ya pili ni polisi kuigeuza taarifa kuwa ombi la ruhusa. Sheria inawataka waandaaji waarifu polisi siku tatu kabla, ili msafara upate ulinzi na magari yapate njia nyingine. Afisa anayeipokea taarifa hiyo kisha akatuma gari la vitoa machozi ndiye anayewavunjia nguvu viongozi wenye kadiri na kuwaachia uwanja wenye mawe.

Ya tatu ni damu isiyo na mwenyewe. Mamlaka ya kuwasimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ipo kwa ajili hii hasa, na jamii ina wajibu wa kuisukuma: daktari aandike jeraha lilivyo, shahidi asiogope kusema, na familia isifanyiwe matanga kwa michango ya wanasiasa kisha ikaachwa.

Ya nne inawahusu waandamanaji wenyewe, nami siwezi kuinyamazia. Anayevunja duka la jirani amemdhulumu asiyekuwa na hatia, na dai lake, hata likiwa la haki, limeingia doa. Waandaaji wapange njia, saa na watu wa kulinda msafara, na mwizi akionekana wamtoe wao wenyewe kabla ya polisi. Wala mwizi asihukumiwe kwa kabila lake, kwa maana mwaka 2008 ulituonyesha jinsi hatia ya mtu mmoja inavyotandazwa juu ya jamii nzima, na jamii hiyo ikalipwa kisasi mahali pengine.

Katika hayo yote la kwanza ndilo kubwa. Tangu 1932 raia wa nchi hii wameambiwa waandike, wangoje, wafuate utaratibu, na mara nyingi walioandika walishindwa na waliowasha moto wakasikizwa. Utaratibu huo hautaheshimiwa kwa mahubiri. Utaheshimiwa siku ambayo watu wa Kakamega watapeleka ombi la karatasi juu ya kodi, ardhi au kura, nalo lishinde kwa sababu ni la haki, bila ya duka kuvunjwa wala mtu kufa. Na walio na mamlaka leo wanaweza kuanza kwa maombi yaliyomo mezani mwao.