Neno Moja, Maana Nyingi

Chukua penseli na daftari, na kama mko wengi darasani, mmoja awasomee wenzake kwa sauti.

Somo la leo ni historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya maneno. Wengi wanaojifunza Kiingereza hulalamika hivi: "Jana niliambiwa maana ya neno hili ni hii, leo naambiwa ni nyingine. Nishike ipi?" Lalamiko hili ni la haki, na jibu lake limo katika historia.

Tuanze nyumbani. Andika neno "kaa". Mtu hukaa kitini. Kaa la moto huunguza. Kaa wa pwani hutembea upande upande. Andika tena "paa". Nyumba ina paa, porini kuna paa, na ndege hupaa angani. Wewe huchanganyikiwi, kwa sababu maneno jirani hukuonyesha linalosemwa. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo, ila kimezidi.

Sasa andika neno "pound". Maana ya kwanza ni uzito, ambao sisi huuita ratili. Maana ya pili ni fedha, ambayo sisi huiita pauni. Labda utauliza, uzito na fedha vina undugu gani? Vina undugu wa damu. Warumi wa kale walipopima walisema "libra pondo", yaani ratili kwa uzani. Katika neno "pondo" ndimo lilimotoka "pound". Zamani sana Waingereza walichukua ratili moja ya fedha nyeupe, wakaifanya peni 240. Kwa hiyo aliyekuwa na peni 240 alikuwa na ratili nzima ya fedha, na jina la uzito likawa jina la hesabu ya mali. Hata alama ya pauni, £, ni herufi L ya neno "libra".

Piga hesabu wewe mwenyewe. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12. Zidisha 20 kwa 12, utapata 240. Hesabu hiyo ilidumu Uingereza mpaka tarehe 15 Februari 1971, pauni ilipogawanywa kuwa peni 100. Hapa kwetu Afrika Mashariki shilingi ilianza kutumika mwaka 1921, na wazee wetu walihesabu shilingi 20 kuwa pauni moja.

Lakini neno "pound" lina maana nyingine mbili. Kutwanga kwa mchi ni "to pound", na zizi la kufungia mifugo iliyopotea, mpaka mwenyewe aje kulipa faini, nalo ni "pound". Maana hizi hazina undugu na ratili. Ni maneno mengine ya kale, na lile la kutwanga zamani lilitamkwa mbali na mengine. Matamshi yakabadilika kidogo kidogo, mwisho yakafanana, kama watu wa koo tofauti waliokutana na kuvaa nguo za aina moja.

Basi ziko njia mbili. Njia ya kwanza, neno moja huzaa maana nyingi, kama mama mwenye watoto. Njia ya pili, maneno mbali mbali hukutana yakawa na sauti moja.

Tazama pia neno "bank". Ukingo wa mto ni "bank", na nyumba ya kuwekea fedha ni "bank". La ukingo lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia, waliovuka bahari na kukaa Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. La fedha lilitoka Italia, ambako wabadilishaji fedha walifanya biashara yao kwenye benchi, na benchi hilo waliliita "banca". Sisi tulichukua hilo la fedha tu, tukaliita benki. La mto hatukulihitaji, maana ukingo tulikuwa nao.

Je, neno moja laweza kuwa na maana ngapi? Mwaka 1879 mwalimu mmoja, James Murray, alipewa kazi ya kutengeneza kamusi kubwa ya Kiingereza. Aliwaomba watu wa kawaida wasome vitabu, waandike kwenye vipande vya karatasi kila neno na jinsi lilivyotumiwa. Vipande hivyo vilimjia kwa mamilioni. Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928. Kamusi hiyo bado hutengenezwa upya, na mwaka 2011 wahariri wake walitangaza kwamba kitendo "run" pekee kina maana 645. Mtu hukimbia, maji hutiririka, mashine hufanya kazi, mwenye duka huliendesha duka lake: yote hayo ni "run". Huko Marekani mgombea wa uchaguzi husemwa kuwa "anakimbia", na Uingereza mgombea yule yule husemwa kuwa "anasimama"!

Usicheke sana, maana mambo haya yaweza kuleta hasara. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, Desemba 1941, wakuu wa majeshi ya Uingereza na Marekani walianza kupanga vita pamoja. Winston Churchill ameeleza katika historia yake ya vita kwamba Waingereza walikuwa na hati ya haraka, wakasema wanataka "to table it". Kwa Mwingereza maana yake ni kuileta mezani ijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani maana yake ni kuiweka kando isijadiliwe. Walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kutambua kwamba wote walitaka jambo lile lile. Hao walikuwa wakubwa wa vita, na Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kuzaliwa.

Basi wewe usione haya kuuliza. Katika kitabu cha hadithi neno "interest" laweza kuwa hamu ya mtu. Katika hati ya mkopo ni riba, na riba hulipwa. Mtu akitia sahihi huku akidhani anaonyeshwa mapenzi, atajua maana siku ya kudaiwa. Kabla hujatia sahihi, soma maneno yaliyo mbele na nyuma ya neno usilolijua, kisha muulize mwenye karatasi: "Neno hili hapa lina maana gani?" Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujibu:
1. Kwa nini neno "pound" ni la uzito na pia la fedha?
2. Neno "bank" la fedha lilitoka nchi gani?
3. Andika sentensi tatu zenye neno "panda", kila moja na maana yake.

Kwaheri, ndugu mwanafunzi, mpaka somo lijalo.