Vitabu vya urubani na anga la wenzetu

Nimekuwa kimya wiki mbili, test zilinibana kweli kweli. Ila leo siongelei test zangu, naongelea za mtu mwingine.

Jumapili nilipanda Kibosho kusalimia nyumbani, nikamkuta dogo wa jirani anajiandaa kwa mitihani ya kuandika ya leseni ya rubani binafsi. Mezani ana rundo: vitabu vya Uingereza vya mtumba, kitabu kinene cha Marekani alichoprintiwa stationery hapa mjini, na maswali na majibu aliyouziwa kwenye flashi. Baba yake ameuza ng'ombe wawili, na hapo ni kwa kuanzia tu. Akaniuliza, "Kaka, we si unasoma historia? Nianze na kipi?" Nikacheka. Baadaye njiani nikaona swali lake ni la historia kabisa.

Ebu fikiria. Mswisi Walter Mittelholzer alipopiga picha za Kibo kutoka kwenye ndege, katika safari yake ya Afrika ya 1929-1930, hapa hapakuwa na mtihani wa mtu yeyote. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways za kutoka London kwenda Cape Town zikawa zinatua Moshi, kati ya Nairobi na Dodoma. Marubani walikuja na leseni za kwao, na vitabu vya kwao. East African Airways ilianza 1946, bado chini ya Mwingereza. Kwa hiyo anga letu lilisomwa kwa miaka mingi kwenye kurasa zilizoandikiwa watu wa ukungu na baridi.

Halafu ikaja 1971. Mwaka huo huo KIA ikafunguliwa hapa chini yetu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda. Kijana wa Moshi, wa Kisumu na wa Mbale wangeweza kukaa darasa moja. Mimi naona hapo ndipo tulipokaribia zaidi kuwa na shule yetu wenyewe ya anga. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, East African Airways ikafa, Air Tanzania ikazaliwa, na chuo kikabaki Uganda. Tangu hapo anayetaka urubani huenda popote hela inapomfikisha: Afrika Kusini, Marekani, Ethiopia. Kila mmoja anarudi na vitabu vya alikotoka, na vitabu hivyo vinaishia kwa wadogo zao. Ndiyo lile rundo la Kibosho.

Sasa ubaya uko wapi, si fizikia ni ile ile? Hapana bwana. Chukua dira ya sumaku. Vitabu vya Uingereza na Marekani vinafundisha kwamba ukielekea mashariki au magharibi ukaongeza mwendo, dira inadanganya kuelekea kaskazini. Kwetu inadanganya kuelekea kusini! Na msiseme ni kwa sababu ya ikweta ya ramani. Kinachoamua ni ikweta ya sumaku, ambayo kwa Afrika inapita mbali juu huko, maeneo ya Ethiopia. Hata Soroti, ambayo kwenye ramani iko kaskazini ya ikweta, kisumaku iko kusini. Upepo nao vile vile: Ulaya unazunguka mgandamizo mdogo wa hewa kinyume cha saa, kusini ya ikweta unazunguka kufuata saa. Ukikariri bila kuangalia kitabu kimeandikiwa nani, umekariri kinyume.

Tena kuna vipimo. Marekani wanasoma mgandamizo kwa inchi za zebaki na umbali wa kuona kwa maili, sisi ni hektopaskali na mita. Na joto: KIA iko kama futi 2,900 juu ya bahari. Kwa kanuni ya kitabu, joto la kawaida la kimo hicho ni nyuzi 9 tu. Siku ya nyuzi 30, ndege inapaa kana kwamba iko futi 5,400. Kitabu cha Uingereza kinalitaja hilo, lakini kwao si la kila siku. Kwetu ni la Januari yote.

Nilimrudia jioni nikamwambia ninavyoona. Kwanza ajue nani anatunga mtihani. Kwa leseni ya hapa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliyoanza 2003, kwa hiyo somo la sheria asome kanuni za Tanzania zenyewe, siyo za mtu mwingine. Kile kitabu kinene cha Marekani, Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge, kinatolewa bure na FAA na kinaeleza vizuri sana kwa nini ndege inaruka, akitumie kwa hilo, sheria zake aziruke. Vya Uingereza avisome kwa uongozaji njia, akiwa na kalamu ya kusahihisha pale penye dira na upepo. Flashi akaitazama kwa huzuni. Maswali yote yalikuwa ya Marekani, na alishalipa.

"Baba nimwambie?" akaniuliza.

Nikamwambia mzee asiambiwe kwanza. Tukachomeka flashi, tukafuta, mdogo wake akaomba aiwekee nyimbo za kwaya. Sisi tukafungua ukurasa wa dira, tukaanza kugeuza mishale.