Mto ni wa nani? Mwongozo wa kufika na kupumzika kando ya Tana na Sabaki

Kila Idd ikikaribia, au shule zikifungwa, swali ni lile lile katika mabaraza yetu ya Pwani: watoto tuwapeleke wapi? Wengi huishia ufuoni kwa sababu bahari iko karibu na haina lango. Mito yetu tunaisahau, na wanaoikumbuka hurudi na malalamiko. Wamezuiwa njiani, wameitishwa pesa wasizozitarajia, au wameambiwa hapa ni pahali pa mtu.

Nimeona ni vyema niweke pamoja yale ambayo mtu wa Pwani anapaswa kuyajua kabla ya kufunga safari ya mtoni, hasa pale mto unapopita kwenye ardhi iliyohifadhiwa. Nitaanza na mito yenyewe, nifuate na pahali pa kwenda, haki zako na usalama wako, kisha nitatoa maoni yangu.

Mito yetu mikubwa miwili

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini, kiasi cha kilomita 1,000. Unaanzia kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita Garissa, Hola na Garsen, na kumwaga maji yake Kipini katika Ghuba ya Ungwana. Huko juu umewekewa mabwawa ya umeme, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, na tangu hapo mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakinywesha misitu na mashamba ya chini hayaji kama yalivyokuwa.

Mto wa pili ni mmoja lakini una majina matatu. Kule bara ni Athi. Ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana. Ukikaribia Malindi sisi twauita Sabaki, na unaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui.

Ardhi iliyohifadhiwa si ya aina moja

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Ukifika mahali, jambo la kwanza ni kujua uko kwenye ardhi ya aina gani, maana kanuni hubadilika.

Mbuga ya kitaifa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Humo hakuna makaazi ya raia wala malisho ya mifugo, na kuingia bila kibali ni kosa la jinai. Mfano ni Tsavo Mashariki, iliyotangazwa mwaka 1948.

Hifadhi ya kitaifa, kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ni jukumu la serikali ya kaunti, ingawa KWS mara nyingi ina askari wake humo. Baadhi ya matumizi ya wenyeji yanaweza kuruhusiwa kwa makubaliano.

Hifadhi ya jamii ni ardhi ya wenyeji walioamua wenyewe kuitenga kwa ajili ya wanyama. Mfano mzuri ni Mwaluganje kule Kwale, ambako wenye mashamba walitoa ardhi yao iwe njia na makao ya ndovu. Hapa wenye kauli ni jamii na kamati yao.

Kisha kuna maeneo yenye sifa ya kimataifa. Delta ya Tana iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2012, ikiwa na hekta 163,600. Sifa hiyo inaibana serikali itumie ardhi kwa hekima, lakini haigeuzi delta kuwa mbuga. Watu wanaishi humo, wanalima, wanavua na wanachunga, na wana haki ya kufanya hivyo.

Pahali pa kwenda

*Galana ndani ya Tsavo Mashariki.* Kutoka Malindi unashika barabara ya kuelekea Lango la Sala, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Ukishaingia, barabara inaandamana na mto. Kituo kinachojulikana sana ni Maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la Frederick Lugard, afisa wa Kiingereza. Usitarajie maji yanayoanguka kutoka juu sana. Ni maji yanayojibana na kukimbia kwa kasi kati ya miamba ambayo mto wenyewe umeichonga kwa miaka mingi. Hapo unaruhusiwa kushuka garini, jambo ambalo sehemu nyingine za mbuga ni marufuku. Chini kidogo kuna pahali panapoitwa Crocodile Point, na jina linajieleza.

*Mdomo wa Sabaki.* Hapa ni karibu na mji wa Malindi, na hapahitaji gari la mbugani. Ni mahali palipotambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege. Utawaona heroe, ndege wa pwani wanaohamia kutoka Ulaya na Asia wakati wa baridi ya kwao, na viboko majini. Lakini kutambuliwa huko ni sifa ya kitaalamu, si kinga ya kisheria. Hakuna lango wala askari, na kwa hivyo hakuna pia wa kumzuia anayetupa taka au anayetaka kuzungushia ua. Tembea na kijana wa hapo anayejua ndege na anayejua maji. Pesa utakazompa ni riziki ya halali na zinampa sababu ya kupalinda.

*Hifadhi ya Nyani ya Tana River.* Ilitangazwa mwaka 1976 kaskazini ya Garsen, ikiwa na takriban kilomita mraba 169 za misitu iliyojipanga kando ya mto. Humo wamo mbega wekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama wasiopatikana kwingine kokote duniani isipokuwa misitu ya mto huu wa chini. Wageni ni wachache na huduma ni kidogo, hivyo piga simu kwa ofisi ya wanyamapori kabla ya kwenda. Msitu huu hutembelewa kwa miguu ukiwa na mwongozaji.

*Delta yenyewe.* Kutoka Kipini mtu anaweza kukodi mashua na kupanda mto kupita mikoko mpaka vijiji vya ndani kama Ozi. Patana bei kabla ya kupanda, na uulize maji ya bahari yanapwa saa ngapi, kwani mashua ikikwama kwenye tope utangojea maji yajae.

*Shimba Hills, Kwale.* Kwa walio Mombasa, hapa ndipo karibu zaidi. Ndani ya hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1968, kuna Maporomoko ya Sheldrick ambayo hufikiwa kwa miguu mukiwa na askari wa KWS. Panapendwa na familia kwa sababu chini yake pana kidimbwi cha maji baridi. Pandeni mapema, maana kurudi ni kupanda mlima.

Malango, ada na kanuni

Mbuga za KWS hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Malipo ni kwa njia ya eCitizen, si pesa taslimu, kwa hivyo lipa ukiwa bado mjini penye mtandao na simu ina chaji. Ada ya mwananchi ni ya chini kuliko ya mgeni, lakini lazima uonyeshe kitambulisho. Gari pia hulipiwa. Ada hubadilishwa mara kwa mara, basi itazame siku ile unayolipa, usitegemee aliyolipa jirani mwaka juzi. Kwenye hifadhi za kaunti na za jamii, dai risiti. Asiyetoa risiti usimlipe.

Usibebe mbwa, usiwashe moto nje ya mahali palipotengwa, usilishe wanyama, na taka zako rudi nazo. Wakati wa sala, muulize askari wapi panaruhusiwa kushuka. Usijitafutie chini ya mti peke yako.

Haki yako ya kufika mtoni

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema mito, mbuga na hifadhi za wanyama ni ardhi ya umma, inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Neno amana tunalijua sisi. Aliyewekewa amana si mwenye mali.

Kanuni za mazingira za mwaka 2006 kuhusu ubora wa maji zinakataza shughuli za ujenzi na uendelezaji kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipima kutoka pale maji ya mafuriko yalipofika juu zaidi. Anayejenga ukuta hadi kwenye maji anavunja kanuni hiyo hata akiwa na hatimiliki. Lakini tuseme ukweli wote: kanuni hiyo inazuia ujenzi tu. Haikupi ruhusa ya kukatiza shamba la mtu kufika ukingoni. Ukingo unaweza kuwa wa umma na njia ya kuufikia isiwepo, na hapo ndipo penye ugomvi mwingi.

Wazee wa Tana walilijua hili zamani. Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima walikuwa na malka, yaani njia zilizokubaliwa za mifugo kushuka mtoni kunywa bila kukanyaga mashamba. Njia hizi hazikuhitaji karatasi, zilihitaji makubaliano. Malka zilipozibwa kwa mashamba, na ardhi kubwa ilipoanza kunyemelewa kwa miradi, makubaliano yalivunjika. Mwaka 2012 na mapema 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika mapigano ya delta. Siasa ilikuwemo na silaha zilikuwemo, lakini maji na njia ya kuyafikia vilikuwa katikati ya ugomvi. Mwezi Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wenyeji, iliagiza serikali itengeneze mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakaazi.

Hata Hifadhi ya Nyani iliingia mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Funzo ni moja: hifadhi inayowekwa bila ridhaa ya walio kando yake hubaki na ufa.

Ukizuiwa ufanyeje

Kwanza, usipigane na bawabu. Uliza kwa utulivu ardhi ni ya nani na nani amezuia. Piga picha ya ua au lango na uandike tarehe.

Pili, peleka suala kwa chifu na kwa mwakilishi wadi, kwa maandishi. Likihusu ujenzi ukingoni, andikia Mamlaka ya Mazingira (NEMA) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Likihusu hatimiliki ya shaka, andikia Tume ya Ardhi.

Tatu, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nne, kuna mahakama. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kushtaki juu ya haki ya mazingira safi bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Usalama

Tana na Sabaki zina mamba na viboko. Usioge wala usiruhusu mtoto achote maji mahali usipopajua, na jioni kaa mbali na njia za viboko. Mto unaweza kufura hapa kwetu mbingu zikiwa safi, kwa sababu mvua imenyesha bara. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha maelfu ya watu kando ya Tana.

Mnyama akimdhuru mtu, sheria ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Ripoti mapema kwa KWS na polisi, na weka karatasi za hospitali, kwani dai hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti.

Maoni yangu

Kuna wanaosema hifadhi ni fikra ya mzungu ya kutufukuza kwetu. Historia inawapa sababu, lakini sikubali kwamba ndio mwisho wa maneno. Uislamu unaijua hima, ardhi iliyotengwa isitumiwe ovyo kwa maslahi ya wote. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoweka msimamizi wa hima alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia na kondoo wachache, na asiwape nafasi hiyo matajiri wenye makundi makubwa, kwa kuwa tajiri mifugo yake ikifa ana kwingine pa kurudi na maskini hana. Na tumefundishwa na Mtume wetu (SAW) kwamba maji na malisho ni vitu vya shirika.

Leo sisi tunafanya kinyume. Anayelala katika hoteli ya mahema kando ya Galana anapata mto mbele ya kitanda chake. Mwanafunzi wa Garashi, aliyezaliwa kando ya mto ule ule, pengine hajawahi kuingia langoni. Kaunti za Kilifi, Tana River na Kwale zinaweza kubadilisha hili kwa mambo yasiyohitaji mkopo: kuweka alama kwenye njia za umma za kufika mtoni na kuziingiza kwenye ramani za mipango, kuzichora malka kabla hazijapotea kabisa, na kukubaliana na KWS siku maalumu za shule za karibu kuingia kwa ada ndogo au bure.

Nasi tuna wajibu. Bajeti ya kaunti inapojadiliwa hadharani, viti vya wananchi huwa vitupu. Nendeni mukaulize: njia ya kwenda mtoni kwenye wadi yetu iko wapi, na imeandikwa wapi? Jibu likikosekana mwaka huu, mwaka ujao patakuwa na ukuta.