Raha ya Gurudumu na Kazi Yake



Nikiwa kidato cha tatu nilikuja shuleni kwa baiskeli. Asubuhi ya mtihani wa hisabati tairi iliishiwa upepo njiani. Niliikokota, nikafika nusu ya muda umekwisha. Nikaapa kwamba afadhali tairi ya mpira mtupu.

Baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma kwamba dunia ilikwisha kuipanda tairi hiyo. Hadi miaka ya 1880 baiskeli nyingi zilivikwa mpira mgumu. Hazikupata pancha, lakini kila jiwe lilimfika mpandaji mgongoni. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi ya upepo. Mwaka uliofuata William Hume aliitumia kushinda mashindano mjini humo. Ulaini ulikuwa umeleta na kasi.

Lakini tairi hizo zilibandikwa kwa gundi; kuziba tundu moja kulichukua saa kadhaa. Mwaka 1891 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walitoa tairi ya kuvuliwa. Mwaka huo huo Charles Terront aliitumia kushinda mbio za Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 hivi.

Hawakuitupa raha kwa kuogopa kazi, waliirahisisha kazi.

Nami nikiri: tairi yangu ilianza kuvuja tangu juzi yake, nikaahirisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.