Kupandisha au Kuoanisha? Historia ya Transfoma ya Katriji na Jina Lake

Miongoni mwa vifaa vya sauti vilivyoingia katika lugha yetu bila jina lililotulia, kimo kijisanduku kinachowekwa kati ya kichwa cha sindano ya santuri na amplifaya. Mafundi hukiita transfoma tu. Katika maandishi ya ufundi huitwa transfoma ya kupandisha. Jina hili la pili si la uongo, ila ni nusu ya habari, na ile nusu iliyoachwa ndiyo iwapotezayo wanunuzi, mafundi na watafsiri. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Sindano ipitapo katika mfuo wa santuri hutikisika, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme na katriji, yaani kile kichwa kinachoishika sindano. Ziko njia mbili mashuhuri za kufanya hivyo. Katika ya kwanza, kipande kidogo cha sumaku hufungwa kwenye kijiti cha sindano, nacho hucheza karibu na koili zilizotulia. Katika ya pili mambo hupinduliwa: sumaku hutulia, na koili ndizo zichezazo. Tuiite ya kwanza katriji ya sumaku jongefu, na ya pili katriji ya koili jongefu. Koili inayobebwa na sindano haina budi kuwa nyepesi. Kwa hiyo mizingo yake ya waya ni michache, na umeme uzaliwao ni haba mno. Ilhali sumaku jongefu kwa kawaida hutoa milivolti 3 hadi 5, koili jongefu nyingi hutoa chini ya nusu ya milivolti moja.

Ortofon, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 1918 kwa ajili ya utafiti wa sinema za sauti, ilitoa katriji ya koili jongefu kwa santuri za sauti moja mwaka 1948. Mwaka 1959 ikafuata SPU, ya stereo, kazi ya mhandisi Robert Gudmandsen. Katriji hii hutoa takriban milivolti 0.2, na impidensi yake ni kama ohm 2 tu. Amplifaya za vali za zama hizo zilikuwa na mvumo wao wenyewe, ambao ungeimeza sauti dhaifu namna hiyo. Transfoma haina vali wala haihitaji umeme wa ziada. Ni koili mbili juu ya kiini cha chuma, na ikiwa koili ya pili ina mizingo mara ishirini ya ile ya kwanza, volteji nayo hupanda mara ishirini. Baadhi ya SPU zilitiwa transfoma ndogo ndani ya ganda lenyewe la katriji.

Hapa ndipo jina lilipozaliwa, na kwa wakati huo lilitosha. Mtengenezaji alikwisha kuioza katriji kwa transfoma yake kiwandani. Mtumiaji hakuwa na la kuchagua, na alichoona ni kwamba volteji imepanda.

Mambo yalibadilika ilipokuja katriji ya Japani, Denon DL-103, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, kisha ikauzwa kwa watu wote kuanzia mwaka 1970. Volteji yake ni milivolti 0.3, si mbali sana na ile ya SPU. Lakini impidensi yake ni ohm 40: mara ishirini ya mwenzake. Sasa msikilizaji akawa ananunua katriji kwa huyu na transfoma kwa yule, akiongozwa na neno "kupandisha" peke yake. Nani angemlaumu kwa kudhani kwamba ipandishayo zaidi ndiyo bora zaidi?

Na tufanye hesabu, maana hapa maneno matupu hayafai. Mlango wa santuri katika amplifaya huwa na ukinzani wa ohm 47,000. Transfoma ikipandisha volteji mara kadhaa, katriji nayo huuona ukinzani huo umepunguzwa kwa kipeo cha pili cha idadi hiyo. Kwa transfoma ya 1 kwa 10, katriji hubebeshwa mzigo wa ohm 470. Kwa 1 kwa 20, ohm 117 na nusu. Kwa 1 kwa 40, ohm 29 hivi. Tukiuacha kando ukinzani wa waya wa transfoma yenyewe, DL-103 itafikisha milivolti 2.8 kwa ile ya kwanza na 4.5 kwa ya pili. Kwa ya tatu, ambayo kwa jina ilipaswa kuleta 12, itafikisha 5.1 tu. Ukiongeza hadi 1 kwa 80, volteji itashuka hadi 3.7. Transfoma ya "kupandisha" imeshusha! SPU, kwa ohm 2 zake, haisumbuliwi hivyo: kwa 1 kwa 30 itatoa karibu milivolti 5.8 bila kulemewa. Wala hasara si ya volteji peke yake, kwani chanzo chenye impidensi kubwa mno kwa koili ya kwanza hupoteza sauti nzito.

Neno impidensi lenyewe lilibuniwa na Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga miguu isiende. Kwa Kiswahili tungesema kutia pingu. Hilo halina taabu. Taabu iko katika lile tendo la kuzikutanisha impidensi mbili. Wahandisi wa simu walitaka nguvu nyingi kabisa ipite, nayo hupita pale mzigo unapolingana sawasawa na chanzo. Kwa desturi hiyo, mfasiri huandika "kulinganisha" au "kusawazisha". Fundi mtiifu akiyafuata maneno hayo ataipa katriji ya ohm 40 mzigo wa ohm 40, na nusu ya volteji itapotelea ndani ya katriji yenyewe. Katika santuri hatutafuti usawa. Mzigo hutakiwa kuwa mkubwa kuliko chanzo mara kadhaa. Kwa maoni yetu "kuoanisha" ndilo neno lifaalo, kwa kuwa wanaooana hawalazimiki kuwa sawa, hulazimika kufaana. Tungependekeza basi "transfoma oanishi", na neno "pandishi" liachiwe uwiano wa mizingo.

Limebaki tatizo la kibandiko. Transfoma nyingi za Japani za miaka ya 1970 zilikuwa na swichi yenye alama za ohm 3 na ohm 40. Wengi walidhani, na wako wadhanio hata leo, kwamba hizo ni ohm za transfoma. Sivyo: ni ohm za katriji inayokusudiwa, na alama ya 3 ndiyo yenye uwiano mkubwa zaidi. Kibandiko cha Kiswahili kingeandikwa hivi: "kwa katriji ya ohm 40, uwiano 1 kwa 10".