Foleni ya Maji Mashimoni na Ukoo wa Simula

Nilipokuwa mdogo, kazi yangu ya alfajiri pale Mashimoni, Kibera, ilikuwa kupanga foleni ya maji na mtungi wa lita 20. Kila mtu alikuwa na zamu yake, mtungi wake na haraka yake. Mwenye kioski naye alikuwa na bei yake. Sikujua kwamba foleni za namna hiyo ndizo zilizozaa lugha za programu zinazonilisha leo.

Miaka ya 1960, huko Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walitaka kompyuta iige shughuli za dunia, zikiwemo foleni. Lugha nyingi za wakati ule zilikuwa mfululizo wa amri: fanya hili, kisha lile. Katika lugha yao, Simula 67, kila kinachosubiri kilipewa nafsi: mambo kinayoyajua na matendo kinayoyaweza. Kiolezo cha nafsi hiyo kikaitwa klasi, na klasi moja iliweza kurithi nyingine. Alan Kay na wenzake waliikuza fikra hiyo kwa lugha ya Smalltalk. Kuanzia 1979 Bjarne Stroustrup akaipandikiza kwenye lugha ya C. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ikatoa Java, lugha ya ukoo huo huo.

Kwetu Java ilikuja kwa miguu. Hadi 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Mwishoni mwa mwaka huo, vijana wa mradi wa Map Kibera walizunguka vichochoroni na vifaa vya GPS, wakirekodi mabomba, vyoo na zahanati. Ramani za namna hiyo huhaririwa kwa JOSM, programu iliyoandikwa kwa Java.

Baadaye, nilipoisomea Java, niliufungua msimbo wa JOSM. Nikakuta klasi mama, OsmPrimitive, na wanawe watatu: Node, Way na Relation. Bomba letu ni Node, yaani nukta. Nilicheka peke yangu: bomba lisilo na hati ya kiwanja lina ukoo unaofika Oslo!

Kisha nikatafuta foleni, nisiione. Ramani inajua bomba lilipo. Haimjui mama aliyefika saa kumi alfajiri akaambiwa maji yamekwisha. Simula ilianza na foleni, sisi tukaanza na bomba. Ndiyo maana siku hizi nikiombwa programu ya maji, klasi ya kwanza ninayoandika si Bomba. Ni Anayesubiri.